Dada wa Kazi: Mtoto wa Nyumbani au Mwajiriwa?

Makala hii inamhusu mtu ambaye wengi wetu tunaishi naye nyumba moja. Anapika tunachokula, anafua kanzu na mabaibui tunayokuja nayo madrasa, na huenda hatujui hata jina la baba yake. Napenda tuelezane kwa nini siku hizi kuna manung'uniko mengi kati yake na wenye nyumba, na manung'uniko hayo yametoka wapi.

Mwaka 1988 nilikuwa na miaka saba, nasoma Juzuu Amma hapa hapa madrasa, baba alipokwenda bandarini kupokea mgeni kutoka Ukerewe. Mgeni mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kumi na minne hivi, amebeba kikapu chenye gauni mbili na michembe ya zawadi. Tukaambiwa huyu ni dada yenu, mwiteni dada. Jina lake nalisitiri. Alikaa nasi Mabatini miaka sita. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akawasha mkaa, akateka maji, akatuogesha na kutupeleka shule. Usiku sisi tukilala yeye alikuwa bado anasugua masufuria. Mshahara hakuwa nao. Baba yake mdogo na wazazi wangu walikubaliana kwa mdomo kwamba akikaa vizuri atafundishwa kushona, na siku ya kuondoka atapewa cherehani. Mwaka 1994 akaposwa, akaenda zake kuolewa. Kushona alijifunza kidogo kwa jirani. Cherehani hakupewa. Biashara ya baba ilikuwa imeyumba, na mama akasema ataituma kwa meli mambo yakikaa sawa. Mambo yalikaa sawa, cherehani haikutumwa.

Habari hiyo nitairudia mbele. Kwanza tuangalie ya leo.

Ukikaa na akina mama baada ya darsa la Alhamisi, maneno ni yale yale. Mmoja atasema msichana nimemtoa kijijini hajui kuwasha jiko la gesi, nimemfundisha kila kitu, mwezi wa tatu kaniambia anakwenda dukani kununua chumvi, hakurudi. Mtoto nimemkuta peke yake ndani analia. Mwingine atasema wangu kutwa yuko kwenye simu, ukimwita mara tatu ndiyo anaitika. Ukiwasikiliza wasichana wenyewe pale gengeni, utapata upande wa pili. Tajiri yangu anasema mimi ni kama mwanawe, lakini wanawe wanalala saa tatu na mimi nalala saa sita. Mshahara wa mwezi wa nne nimepewa mwezi wa sita. Watoto wananiita "wewe", na mama yao anasikia na kunyamaza.

Pande zote mbili zinasema kweli. Ndiyo maana kutafuta nani mbaya hakutusaidii.

ILIVYOKUWA ZAMANI

Msomaji kijana huenda akashangaa kusikia kwamba wakati wa ukoloni kazi za ndani katika miji yetu zilikuwa hasa za wanaume. Wazungu, na Wahindi wenye uwezo, waliajiri wapishi, madobi na wale walioitwa "maboi", watu wazima wenye wake na watoto, wakilipwa kwa mwezi. Katika miaka ya 1950 wafanyakazi wa majumbani na mahoteli walikuwa hata na chama chao cha wafanyakazi. Kwa hiyo jambo la kumlipa mtu wa kazi za ndani na kumhesabia siku zake si geni katika nchi hii.

Familia za Waafrika zenyewe hazikuajiri. Zilichukua mtoto wa ndugu. Aliyefanikiwa mjini aliletewa binti wa dada yake, au wa binamu, au wa jirani wa kijijini, amlee naye asaidie kazi. Hakuna aliyeita hiyo ajira. Wapo waliosomeshwa kwa njia hiyo, wapo waliohitimu Qur'ani katika nyumba za shangazi zao, wapo waliotolewa mahari sebuleni kwa mjomba kama mabinti wa nyumba. Tusiwavunjie heshima waliofanya hivyo kwa ukweli. Wapo pia waliotumikishwa miaka kumi wakarudi kijijini na mfuko ule ule waliokuja nao. Ubaya wa mpango ule ni kwamba wema wake wote ulitegemea moyo wa mtu mmoja, mama mwenye nyumba. Akiwa mwema, binti alipona. Asipokuwa mwema, hapakuwa na pa kushitaki, maana mtoto hashitaki kwao.

Mambo yakabadilika kuanzia miaka ya 1990. Mishahara ya serikali haikutosha, na akina mama wakatoka kutafuta. Wengine walikwenda viwanda vya minofu ya sangara, wengine Soko Kuu na Makoroboi, wengine mwaloni Kirumba kuuza dagaa na samaki. Mama akitoka, lazima pawe na mtu wa kubaki na mtoto. Mji nao ukakua: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao laki saba katika wilaya za Nyamagana na Ilemela pamoja, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni moja na laki moja. Mabinti wa ndugu hawakutosha tena. Wakaanza kuja wasichana tusiowajua kwao, kutoka Sengerema, Geita, Magu, Misungwi, Bunda, Kigoma, Singida. Wengi walitoka Kagera, ambako ukimwi ulikuwa umewaacha watoto wengi bila wazazi. Walishuka stendi ya Nyegezi au ya Buzuruga wakiwa wameagizwa kwa simu, au wameletwa na dalali aliyekula chake na kuondoka.

Majina nayo yalibadilika. Tulianza na "yaya", tukaja na "hausigeli", vijana wakaleta "beki tatu" kwa dhihaka. Sasa wengi husema "dada wa kazi" au "msaidizi". Jina la mwisho ni la heshima zaidi. Lakini mtu anaweza kuitwa msaidizi na bado asilipwe.

MALEZI YALIYOGEUKA AJIRA

Kwa maoni yangu mzizi wa manung'uniko ni huu. Tumetoka kwenye malezi tukaingia kwenye ajira, na hatukuambiana. Kila upande ukachukua katika mipango yote miwili kile kinachoufaa.

Mwenye nyumba anapotaka chai saa tano usiku, msichana ni mtoto wa nyumbani, na mtoto hahesabu saa. Sahani ikivunjika, ghafla ni mfanyakazi, na sahani inakatwa kwenye mshahara. Naye msichana akitaka nguo ya Idi au sare ya mdogo wake, humwendea mama kama mtoto. Akisikia nyumba yenye elfu kumi zaidi, huondoka kama kibarua, tena bila kuaga. Kila mmoja anamwona mwenziwe hana shukrani.

Wasichana wenyewe nao si wale wa mwaka 1988. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuanzia 2006 zikajengwa sekondari za kata kwa wingi, na Januari 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne. Watoto wengi ambao zamani wangekuja mjini wakiwa na miaka kumi na miwili sasa wako darasani. Anayekuja leo mara nyingi ana miaka kumi na minane, amemaliza kidato cha nne, hakupata nafasi ya kuendelea, na anaiona kazi hii kama ngazi ya kupitia. Anataka mtaji wa saluni, au ada ya chuo cha ufundi. Anasoma, anahesabu, anajua tarehe.

Simu ndiyo iliyomaliza kazi. Zamani mshahara alipewa mjomba au dalali, au uliwekwa na mama mwenye nyumba "usije ukapotea". Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, msichana aliyeko Nyamanoro anaweza kumtumia mama yake Sengerema fedha siku ile ile aliyolipwa. Anaweza pia kumwuliza mwenziwe aliyeko Capri Point analipwa kiasi gani. Wenye nyumba wengi wanaichukia simu kwa sababu inapoteza muda, na kweli inapoteza. Ila tukumbuke kwamba msichana huyu hana ndugu mjini, na simu ndiyo mlango wake wa pekee wa kutokea. Anayemnyang'anya simu siku ya kwanza amemfungia ndani.

SHERIA INASEMA NINI

Watu wengi hudhani sheria za kazi ni za viwandani na maofisini. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawahusu wafanyakazi wa nyumbani kama inavyomhusu karani. Inakataza kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Wa miaka 14 hadi 17 ni kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha masomo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikalikazia jambo hilo. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Kila wiki kuna mapumziko ya saa 24 mfululizo, na kila mwaka likizo ya siku 28 yenye malipo. Aliyejifungua ana likizo ya siku 84.

Kuhusu kuachana, anayelipwa kwa mwezi akishapita mwezi wa kwanza, notisi ni siku 28. Notisi hiyo ni ya pande zote mbili. Mama anayemtupia msichana mfuko wake nje saa mbili usiku amevunja sheria, na yule aliyekwenda kununua chumvi naye ameivunja.

Ama mshahara, Amri ya Mshahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa msaidizi anayelala kwa mwajiri, na 80,000 kwa anayelala kwake. Amri iliyoanza kutumika Januari 2023 ikapandisha kuwa 60,000 na 120,000. Oktoba 2025 serikali ilitangaza kima kingine kianze Januari 2026, kwa hiyo anayeajiri sasa aulize ofisi ya kazi ya mkoa, asitegemee alichosikia kwa jirani. Hebu tazama vizuri tofauti kati ya viwango viwili vya 2023. Anayelala kwa mwajiri amewekewa nusu ya mwenziwe. Nusu ya pili ni chakula na kitanda. Maana yake ni kwamba sahani ya ugali na dagaa anayokula jikoni ameshailipia kwa kazi yake. Mwenye nyumba anayesema "nakulisha na bado nakulipa" amehesabu mara mbili.

Nakiri kwamba wenye nyumba wengi wa Mwanza si matajiri, hata kama wanaitwa hivyo. Ni walimu, wauguzi, mama ntilie, wauza mitumba. Wao wenyewe mshahara au mauzo hayafiki mwisho wa mwezi. Mama wa namna hiyo akiambiwa sheria, huona anasemwa mtu mwingine. Lakini umaskini wake hauwezi kulipwa na binti aliye maskini kuliko yeye. Asiyeweza kumlipa wa kulala atafute njia nyingine: wapo wanaomweka msaidizi wa kutwa siku tatu kwa wiki, wapo majirani wawili wanaochangia mmoja, wapo wanaompeleka mtoto kituo cha kulelea watoto mchana. Na wapo wanaogawa kazi kwa watoto wao wenyewe. Hili la mwisho wanafunzi wengi hawatalipenda.

Katika mji wetu lipo shirika la WoteSawa linalowatetea wafanyakazi wa nyumbani. Mwanzilishi wake, Bi Angela Benedicto, naye aliwahi kufanya kazi hiyo. Kivulini, lililoanzishwa hapa Mwanza mwaka 1999, limeshughulika na ukatili dhidi ya wanawake na wasichana, wakiwamo hawa. Chama cha wafanyakazi CHODAWU kinawapokea wanachama wa majumbani, na madai ya kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Duniani, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa wafanyakazi wa nyumbani, Namba 189, tarehe 16 Juni 2011 mjini Geneva, na siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kwa ajili yao.

NA DINI JE?

Sisi hatukungoja Geneva. Fiqhi tunayosoma hapa madrasa katika mlango wa ijara inataka kazi ijulikane, muda ujulikane, na ujira ujulikane kabla ya kuanza. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anaweza kukusomea hilo bila kufungua kitabu. Ajabu ni kwamba tunalisoma kwa habari ya kukodi ngamia na shamba, halafu tunakwenda nyumbani alipo mtu ambaye hajui atalipwa kiasi gani mwisho wa mwezi.

Katika Suratul Qasas imo habari ya Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan akiwa mkimbizi asiye na kitu. Mzee wa Madyan angeweza kumwambia akae tu achunge mbuzi, watajuana mbele. Hakufanya hivyo. Alitaja muda, miaka minane, na kwamba akiikamilisha kumi ni hiari ya Musa mwenyewe, na akasema hataki kumtia taabuni. Musa naye akajibu masharti anayoyakubali. Mwenye shida aliulizwa kauli yake. Wangapi kati yetu tumemwuliza msichana aliyeshuka Nyegezi jana usiku?

Anas bin Malik aliletwa na mama yake, Ummu Sulaym, kumtumikia Mtume (S.A.W.) akiwa mtoto wa miaka kumi hivi. Alitumikia miaka kumi, na alipokuwa mzee alisimulia kwamba katika muda wote huo hakuguniwa hata mara moja kwa alilofanya au aliloacha. Wengi wetu tunaijua hadithi hiyo kama sifa ya upole. Tuiangalie pia kama habari ya nyumba yenye kazi na mtoto wa kazi. Na ile ya Abu Dharr, aliyemtukana mtu kwa kumtaja mama yake, akakaripiwa na Mtume na kufundishwa kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, wale tunachokula na kuvaa tunachovaa: baada ya siku ile mtumishi wake alionekana amevaa nguo kama yake. Hilo halikuwa somo la darasani tu. Watu walimwona njiani wakamwuliza sababu.

Neno "ndugu" hapo lisitupoteze. Ni undugu wa heshima na chakula, haufuti ujira, wala haumfanyi mtu kuwa maharimu. Hapa ndipo maneno "ni kama binti yetu" yanapoleta madhara makubwa kuliko yote. Kwa sababu ni kama binti yetu, analala sebuleni wanapopita kaka wakubwa. Kwa sababu ni kama binti yetu, anaachwa peke yake na baba mwenye nyumba mama akisafiri. Kwa sheria ya dini ni ajinabia, na faragha naye ni haramu kama kwa mwanamke mwingine yeyote. Chumba chenye komeo la ndani ni haki yake tangu usiku wa kwanza. Mama anayemwona mumewe au mwanawe ndiye mwenye kuonewa pale msichana anapopata mimba, kisha anamrudisha binti kwao na mfuko wake, hajamaliza mambo. Ameyapeleka kwa mama mwingine tu.

Jambo jingine ni la dini tofauti. Mwanza ni mji wa mchanganyiko, na wasichana wengi wanaofanya kazi katika nyumba zetu ni Wakristo, kama ambavyo mabinti wa Kiislamu wako katika nyumba za Wakristo. Wapo wenye nyumba wanaomvisha ushungi msichana asiye Mwislamu na kumkataza kula mchana wa Ramadhani, bila kumwambia siku alipokuja. Wapo wanaomkatalia kwenda kanisani Jumapili. Tukisikia binti yetu huko aliko anazuiwa swala au kulazimishwa kupika nguruwe, tunapandwa na hasira. Basi kipimo ni kile kile. Utaratibu wa mavazi na jiko la nyumba yako una haki ya kuueleza, lakini ueleze kabla hajakubali kazi, naye awe na haki ya kukataa akarudi na nauli.

MASKATI NA MABATINI

Siku hizi tunao pia mabinti wanaovuka bahari kufanya kazi za ndani Oman, Falme za Kiarabu na kwingineko Ghuba. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi saa nyingi bila siku ya mapumziko, kulipwa pungufu ya walichoahidiwa, na utaratibu wa kafala uliowafunga kwa mwajiri mmoja wasiweze kumwacha. Nchi za huko zimeanza kutunga sheria: Kuwait mwaka 2015, Qatar na Falme za Kiarabu mwaka 2017. Habari kama hizo zinapofika msikitini kwetu, watu husikitika sana, na wengine hulia.

Nami hujiuliza. Pasipoti iliyofungiwa kabatini Maskati inatofautiana vipi na simu iliyofungiwa kabatini Pasiansi? Mshahara uliochelewa miezi mitatu Dubai una uchungu zaidi ya uliochelewa miezi mitatu Igoma? Wapo akina mama wa hapa hapa waliofanya kazi Ghuba, wakarudi, na sasa wao ndio wenye nyumba. Ninaowajua mimi ni wa aina mbili. Mmoja anamlipa msaidizi wake tarehe moja kila mwezi na Jumapili anamwachia siku nzima, kwa sababu, anasema, alijua thamani ya siku hiyo alipoikosa. Mwingine anamtendea wake yale yale aliyotendewa. Alipoulizwa na mwenziwe alijibu kwamba mbona yeye alivumilia.

SIKU YA KWANZA

Ningeulizwa na anayetaka kuajiri afanye nini, ningesema akae na msichana chini siku ya kwanza, kabla hajapewa ufagio, na mzazi wake awe kwenye simu asikie. Zisemwe kazi zote, pamoja na zile tunazoona haya kuzitaja, kama kumhudumia mgonjwa au kufua nguo za ndani za watu wengine. Itajwe saa ya kulala na siku ya kupumzika. Ujira utajwe kwa shilingi na tarehe, na useme utaingia namba ya nani. Yaandikwe kwenye karatasi ya daftari kama hakuna fomu, wote wawili waweke sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Likizo nayo itajwe. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, msichana wa Sengerema haulizwi tena foleni ya kivuko, kwa hiyo kisingizio kwamba kwao ni mbali kimepungua.

Msichana naye aseme ukweli wake. Kama amekuja kutafuta mtaji wa mwaka mmoja, aseme mwaka mmoja. Mama akijua mapema atajipanga, na mtoto mchanga hataachwa peke yake kwa sababu ya chumvi.

Nanyi wanafunzi msidhani makala hii ni ya wazazi tu. Anayemwita dada "wewe" mara nyingi ni nyinyi. Kanzu uliyoivua ukaiacha sakafuni ni dakika kumi za usiku wa mtu mwingine. Na kama dada wa kwenu ni Mwislamu ambaye hajui kusoma Qur'ani, darasa la akina dada hapa madrasa liko Jumamosi jioni. Mwombeeni ruhusa nyumbani. Mwaka uliopita walikuwa wanne, na mmoja wao tayari anasoma kuliko mtoto wa nyumba anayomfulia.

CHEREHANI

Mama yetu alifariki mwaka juzi, Allah amrehemu. Baba alikuwa amekwisha kutangulia. Tulipokaa kugawana mirathi, shehe aliyekuja kutugawia aliuliza kama ilivyo kawaida kama marehemu ana deni. Kaka mkubwa akasema hana. Nikasema analo, cherehani ya dada. Mdogo wangu akacheka. Kaka akasema yule alikuwa dada yetu, na dada hadai.

Shehe akaweka kalamu chini. Akamwuliza, "Kama alikuwa dada yenu, fungu lake katika karatasi hii ni lipi? Na kama alikuwa mfanyakazi, ujira wake ulipokelewa na nani?"

Hakuna aliyejibu. Akatueleza kwamba mtu akifanya kazi kwa ujira usiojulikana, kazi yake haiendi bure. Anastahiki ujira wa mithili yake, yaani kile ambacho mwingine wa mahali pale angelipwa kwa kazi ile ile. Na deni hutangulia mirathi. Tukatoa fedha ya cherehani mpya, na juu yake tukakadiria ya miaka sita, mimi na kaka tukapanda meli ya Nansio.

Dada sasa ana wajukuu. Alitupokea vizuri, akatupikia sato, akamlilia mama. Tulipompa bahasha alihesabu taratibu mbele yetu, akasema mama alishamsamehe zamani. Kisha akatuuliza, bila ukali wowote, "Hii ya miaka sita mmeihesabu kwa bei ya lini? Ya wakati ule au ya sasa?"

Tulikuwa tumeihesabu kwa bei ya wakati ule. Jumla yake yote haikufika mshahara wa miezi miwili wa msichana wa leo.

Tumerudi Mwanza, na hesabu tunaifanya upya. Safari hii daftari analo kaka.